Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Pioneer, Eldoret

Mama mpendwa,

Magoti yanasemaje? Na yule mbuzi wako mkorofi, bado anatafuna nguo kwenye kamba? Sisi huku tu wazima, baridi tu ndiyo inatuchezea. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika kwenye kosa langu, na kosa lenyewe linahusu kitambaa chako.

Ile kompyuta ya Baba niliyokuja nayo baada ya matanga imenitesa. Ilikuwa inanguruma, inaenda polepole, halafu inazima yenyewe. Na humo ndimo ilimo sauti yake, yale masimulizi ya boma letu aliyojirekodi mwaka wake wa mwisho. Sikuwa na nakala nyingine. Kila ilipozima niliogopa, Mama, niliogopa kumzika tena.

Jumamosi nikapanda boda nayo mapajani hadi mjini kwa Abdi, fundi wa kompyuta. Niliifikisha ikiwa imevaa kitambaa chako cha maua ya manjano, kile kinachoshuka hadi chini. Abdi akacheka.

"Madam, kwani hii mashine inasikia baridi?"

"Mama yangu ndiye alifuma."

"Amefuma poa sana. Lakini unaifunika ikiwa on?"

Unatujua sisi: kiti, redio, televisheni, hakuna kinachokaa uchi sebuleni kwetu. Nilikuwa naiwasha bila kukiondoa, kwa sababu nikikiondoa chumba kinageuka cha mtu mwingine.

"Hapa nyuma ndio inapumulia," akasema, akaifungua. Feni ilikuwa imejaa vumbi na nyuzi za manjano. Akaipuliza, akaipiga brashi, akafuta programu ambazo hakuna anayezitumia, kisha akaiweka sauti ya Baba kwenye flashi mbili. Moja ni hiyo iliyo ndani ya bahasha. Ichomeke kwenye redio yako.

Sasa Jumapili nikitoka kanisani napangusa vumbi, naiwasha, nakaa. Jua la alasiri linapita kwenye pazia, na Baba anataja majina ya wazee wetu polepole, kama anayeita ng'ombe warudi zizini. Eldoret inapotea kabisa. Nasikia hata harufu ya ziwa la huko kwetu. Akimaliza naizima, naiacha ipoe, ndipo naifunika na kitambaa chako. Usikasirike, sitakiacha kamwe.

Nisalimie dada Atieno, mwimbishaji wa kwaya, na mjomba Ochieng' anayekulimia. Waite msikilize pamoja.

Ila mwisho wake, Mama, usikilize peke yako. Wewe mwenyewe umo. Unaita kutoka jikoni, "Mwalimu, uji inapoa!" naye Baba anajibu, "Nakuja." Halafu kimya. Mimi hubaki hapo nikingoja nyayo zake, hadi jua linapoondoka dirishani.

Mwanao anayekuwaza,
Akinyi