Aliyemlea Nawal

Cibitoke, Bujumbura

Kwako Mama Eddy, rafiki yangu Médiatrice,

Salamu nyingi zikufikie huko Gitega. Goti lako je, limekubali kupanda vilima? Eddy na wadogo zake wote wazima? Sisi huku tuko, alhamdulillahi. Butike yangu ya vipuri inauza, mvua tu ndiyo inatusumbua.

Nawal ameolewa Ijumaa iliyopita na Djibril, yule fundi wa magari. We hukualikwa, na sababu ndiyo naiandika hapa.

Baba yake alishafariki, kwa hiyo walii wa kumwozesha ni baba yake mdogo Aboubacar, yule profeseri wa sosiolojia wa Kinanira. Siku hizi redioni ni yeye tu: ujirani, kusaidiana, mutoto ni wa mtaa muzima. Kitabu chake kinasema ukoo wao ulilea yatima wa ndugu yake, na mjane hakulala njaa hata siku moja. Mjane huyo ni mi! Hesabu naijua: kati ya sahani kumi alizokula Nawal, saba zilitoka jikoni kwako, ulipokuwa jirani yangu hapa Cibitoke, tatu kwangu. Kwake, sifuri.

Nilipompelekea habari ya posa, hakukataa. Alinikalisha, shemeji huku, shemeji kule, chai ikaja. Akasema ana mkutano na wageni kutoka nje, wanataka kumwona mjane mwenyewe, nikawaeleze ukoo ulivyotubeba. Nikamuuliza, na nisipokuja? Akacheka, akasema basi posa itangoja, yeye ana kazi nyingi. Nikakimbilia kwa imamu. Imamu akasema walii akigoma bila sababu, yeye imamu anaweza kuozesha. Lakini mama yake Djibril akaapa hachukui binti aliyetupwa na baba yake mdogo. Watu watauliza ana kasoro gani.

Basi nilienda, Mama Eddy. Nilishika maikrofoni nikasema ni Aboubacar aliyetulisha, ni yeye aliyekesha na Nawal usiku ule wa malaria kali. Usiku ule ulikuwa wako, nikampa yeye. Wakapiga makofi sana. Nawal alikuwa safu ya mbele. Alinitazama, kisha akainamisha kichwa.

Kwenye harusi walimbusu mkono Aboubacar, wakimshukuru kwa malezi. Ningekuweka wapi we? Mkekani, ule pilau kama mpita njia? Apana, sikuweza.

Nisalimie mzee wako na watoto wote. Ukijibu, mpongeze Nawal. Mi usinipongeze.

Ni mimi,
Saliha, Mama Nawal