Makofi kwa Programu Kubwa

Alhamisi, Novemba 1996

"Programu ndogo ni ya watoto wa shule. Mtu mzima anayetaka kuchora ramani ya kweli atumie programu ya kweli."

Maneno hayo ni ya Injinia Makoye, aliyestaafu ujenzi wa barabara na sasa ni mwenyekiti wa chama chetu cha wachoraji wa kujifurahisha. Aliyasema Jumamosi, mbele yetu sote. Tangu siku hiyo nayajibu kichwani kila nikipiga mswaki.

Leo mvua imeanza hapa Kiseke kabla sijaamka na haijakatika. Bati linapiga kelele kiasi kwamba redio haisikiki. Ni hali nzuri ya kuandika ukiwa na hasira, ila sina hakika hasira yangu nimwelekeze nani.

Nianze na jibu langu kwa Injinia.

Miaka ile rafu zikiwa tupu tulilia kwamba hatuna cha kuchagua. Sasa soko limefunguliwa, na pale Nyamagana unapata redio za kila nchi, viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, na kompyuta zilizotolewa kwenye ofisi za watu wengine. Rafu zimejaa, nasi tunachagua kwa kuangalia kipi ni kikubwa. Ukubwa tunauona kwa macho, lakini kufaa hatukuoni mpaka tukae na kitu, tukijaribu, na kukaa na kitu tunaona ni kupoteza muda. Mtu anayechora ramani ya kabati kwa raha zake hahitaji mashine ya kuchorea daraja. Anahitaji mstari, duara, vipimo na namna ya kufuta alipokosea.

Hapo ningeweza kukomea, na ningekuwa nimeandika barua nzuri ya kupeleka gazetini.

Lakini nilikuwepo Jumamosi, na nilipiga makofi.

Chama kina kompyuta moja ukumbini, tena iliyokwisha kutumika, na diski yake haina nafasi ya programu zote mbili pamoja na michoro yetu. Programu kubwa inajaza karibu diski nzima. Ile ndogo inaingia kwenye disketi moja. Jumamosi Injinia alikaa kwenye kiti, sisi kumi na watatu tukasimama nyuma yake, akachora nyumba ya ghorofa mbili. Skrini ilikuwa nyeusi, na chini kabisa kulikuwa na mstari unaosubiri uandike amri kwa Kiingereza. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia. Hakuna mwingine aliyegusa kibodi, wala hakuna aliyeomba kugusa. Alipomaliza akauliza, "Kuna swali?" Ukumbi kimya.

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mkubwa akionyesha, unapiga makofi. Kuuliza ni kukiri kwamba hukuelewa, au mbaya zaidi, kwamba yeye hakueleza vizuri. Basi tukapiga makofi, naye akayahesabu kuwa ni kura. Kwa sasa zote mbili zimebanwa humo kwa majaribio; Jumamosi hii programu kubwa inabaki ya kudumu, na ile ndogo inafutwa.

Jumanne nilikwenda ukumbini peke yangu. Nilitaka kuchora tangi la maji ya mvua, ambalo ndilo ninalochora kila mara. Niliifungua programu kubwa, nikakaa mbele yake saa mbili nzima.

Sikuweza kuchora mstari mmoja.

Mimi, ninayewaandikia mawaziri barua za kurasa nne. Nilizima mashine, nikamkuta Injinia mlangoni. Akaniuliza, "Vipi, Mwalimu?" Nikamjibu, "Naendelea vizuri."

Leo asubuhi nilivuka mvua hadi ukumbini, nikamkuta Mzee Bwire. Jumamosi hakuwepo. Ameunda mitumbwi ufukweni maisha yake yote, na miaka miwili hii mkono wake wa kulia unatetemeka. Nyundo ameshaiacha. Alijiunga na chama ili aichore mitumbwi yake, lakini kwenye ubao wa kuchorea kalamu inaruka kama imeshikwa na homa.

Mafundi wa kwao hawaandiki vipimo. Kila mtumbwi una fito yake. Fundi anakata fito, anaitia alama kwa kisu, na kwa alama hizo anapima mkuku wa chini, mataruma yaliyo kama mbavu, na upana wa mbao. Siku mtumbwi unaposhushwa majini, fito inawekwa motoni kuchemshia chai ya kwanza ya wenye mtumbwi. Kwa hiyo kazi yote ya Mzee Bwire, mbali na mitumbwi yenyewe inayooza taratibu, imebaki kichwani mwake.

Nilimwonyesha kwanza programu kubwa. Akaitazama skrini nyeusi.

"Huyu ananingoja nimsalimie kwa Kiingereza?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi atangoja."

Nikaifungua ile ndogo. Skrini ikajaa nukta, zimejipanga kama shamba la pamba lililopandwa kwa kamba. Nikamweleza kwamba akibonyeza karibu na nukta, mstari unanasa kwenye nukta yenyewe. Akashika kipanya kwa mikono miwili. Kipanya kilikuwa kinacheza mezani, nakisikia. Akabonyeza hapa, akabonyeza kule.

Mstari ukatoka umenyooka.

Akaufuata kwa kidole kwenye kioo. Kisha akacheka kwa sauti ndogo. "Mkono unatetemeka, na yenyewe haijali."

Akaniuliza nukta moja ni kiasi gani. Nikamwambia ni kiasi anachotaka yeye. "Basi nukta moja ni alama moja ya fito," akasema, na akaanza kuhesabu kwa Kijita, lugha ya kwao, polepole, akirudi nyuma kila alipokosea. Ilipofika saa tano mtumbwi ulikuwa pale, umetazamwa kwa ubavu. Aliniambia ni ule aliowaundia watu wa Ukerewe, na kwamba fito yake aliichoma mwenyewe.

Hapo Injinia akaingia, amelowa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia."

Akainama kwenye skrini. "Hapa ni milimita ngapi?"

"Hizo ni alama za fito."

"Fito ya nani?"

"Ya mtumbwi."

"Mzee wangu, mchoro usio na milimita ni katuni."

"Hiyo katuni imebeba dagaa miaka kumi na minne," akasema Mzee Bwire. "Labda hakuna aliyeiambia."

Injinia akacheka, si mtu mbaya. Akaeleza kwamba programu kubwa nayo ina nukta za kunasa, na ina mengine mia ambayo siku moja tutayahitaji. Ni kweli. Kwa ramani ya kupeleka manispaa, mimi mwenyewe ningemfuata yeye. Kisha akasema, "Lakini wanachama wameshaamua. Walipiga makofi." Akanigeukia. "Na wewe Mwalimu, si uliniambia unaendelea vizuri?"

Mzee Bwire akanitazama. Neno moja tu, "Nimeshindwa," lingetosha.

Nikasema, "Naendelea vizuri."

Mzee Bwire alivaa kofia yake akatoka kwenye mvua. Hakuniaga. Mtumbwi ulibaki kwenye skrini, nusu ya mataruma yake bado hayajachorwa. Niliuhifadhi kwenye disketi, nayo ninayo hapa mezani, chini ya kitabu ili isipate vumbi.

Najiuliza kwa nini ni rahisi kwangu kumwita waziri mwongo kuliko kumwambia jirani kwamba sijui. Waziri hanijui, hawezi kunicheka uso kwa uso. Ujasiri wangu wa miaka yote umekuwa wa mtu aliyesimama mbali. Sijapata jibu zuri kuliko hilo, na halinipendezi.

Shajara hii huwa naandika kwa ajili yangu tu. Ukurasa huu nitaupiga chapa kesho na kuubandika kwenye ubao wa chama, pamoja na makosa yake. Halafu nitakwenda kwa Mzee Bwire kumwomba radhi, na nitakwenda na disketi.

Sasa nasema nanyi wenzangu kumi na wawili mliosimama nami nyuma ya kile kiti. Jumamosi, kabla programu ndogo haijafutwa, mimi nitakaa wa kwanza mbele ya programu kubwa na mtaniona nikishindwa. Baada yangu kaeni ninyi, mmoja mmoja, mchore mstari mmoja bila kusaidiwa. Atakayeshindwa aseme kwa mdomo wake kwamba ameshindwa. Nawe Injinia, tafadhali, mikono yako iwe mfukoni, na umwachie Mzee Bwire kiti mpaka amalize mataruma.