Bajeti Iliyopitishwa Kando ya Shimo la Choo

Alhamisi. Mvua imepiga tangu alfajiri, ikakatika saa za asubuhi, na sasa jua la jioni linawaka kama halikuwa limejificha. Nimeoga mara mbili na bado nanuka matope. Nina furaha, jamani. Acha niandike kabla haijapoa.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mtu wa Bukiriro kule Ngara, ila nafundisha huku kata ya Nyarubungo, Biharamulo, kwenye shule shikizi. Ni darasa moja tu, la watoto wadogo ambao shule mama iko mbali nao, ng'ambo ya mto. Kijiji sikitaji jina, nisije nikaitwa ofisini. Posho yangu inatoka kijijini, na uji wa watoto unatoka kwenye michango ya kijiji. Michango hiyo haikusanywi mpaka serikali ya kijiji ipitishe bajeti.

Na bajeti ilikuwa haipiti.

Wajumbe wetu ni wa vyama viwili, karibu sawa kwa sawa. Mwenyekiti anatoka chama hiki. Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia huku zamani kutoka Shinyanga, ndiye kinara wa chama kile. Mzee alisema kwanza tusomewe mapato na matumizi ya mwaka jana, ndipo tupitishe. Mwenyekiti akajibu kwamba yeye haamrishwi na chama kilichoshindwa. Basi, kila kikao kikiitishwa, Mzee na wenzake wanaingia, wanasalimia vizuri kabisa, shikamoo na marahaba zote, halafu wanasimama na kutoka nje. Akidi inakufa. Wao wanakwenda kunywa chai.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa anaipinga shule. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma. Wajukuu wa Mzee Masanja ninao darasani, na mtoto wa mwenyekiti anakaa nao dawati moja. Ila kila upande ulikuwa radhi shule ife kuliko mwenzake aje ajisifu kwamba ameiokoa. Methali ya tembo na nyasi naifundisha mwenyewe, sikujua kuwa nyasi ni mimi.

Juzi mtendaji wa kijiji aliniita, akaniambia kwa upole kwamba unga wa uji umekwisha na Ijumaa tunafunga shule. Yaani kesho. Nilifika nyumbani nikalia, nikajikasirikia kwa kulia, kisha nikaanza kukunja nguo. Mama alipiga simu kutoka Bukiriro, sikupokea. Ningemwambia nini? Kwamba narudi nyumbani kwa sababu watu wazima wamenuniana?

Sasa sikia ya leo.

Nyuma ya darasa kuna shimo la choo kipya cha watoto. Wazazi walilichimba, lakini zege la kulifunika lilikuwa ndani ya bajeti hiyohiyo, kwa hiyo lilibaki wazi. Nilikuwa nimelizungushia matawi ya miiba, na kila siku nawatisha watoto wasilisogelee. Mvua ya leo imelainisha kingo zake. Watoto nilikwishawaruhusu kwenda nyumbani niliposikia kishindo, kisha mlio wa ng'ombe ambao sitausahau.

Alikuwa ng'ombe wa Mzee Masanja, tena mwenye mimba. Mzee alikuwa anapitisha kundi lake kwenda malishoni. Akachungulia shimoni, akatupa fimbo, akapiga yowe.

Huku yowe si mchezo. Wenyewe Wasukuma wanaliita mwano. Likilia unaacha jembe, unaacha ugali jikoni, unakimbia, uwe umenuna au hujanuna. Asiyefika anatengwa: haombi moto kwa jirani, na akifiwa achimbe kaburi mwenyewe. Na ukishafika huondoki mpaka mwenye yowe awashukuru na kuwapa ruhusa. Hata sisi Wahangaza wa Ngara tunaoishi nao tunaifuata sheria hiyo.

Walikuja wote. Mwenyekiti alifika pekupeku, ndevu amenyoa upande mmoja, povu bado liko shavuni. Wakachimba ukingo mmoja ukawa mteremko, wakamfunga ng'ombe kamba, na chama hiki na chama kile wakavuta kamba moja huku wakigombana nani anavuta vibaya. Mimi nilivuta nyuma ya Mama Kulwa. Nikaanguka, akaniangukia, na mama huyo si mwepesi. Ng'ombe akatoka, akasimama, akajitikisa akatumwagia tope sote, akaanza kula majani.

Tukaketi chini, tunahema, tunacheka. Mtendaji akatazama huku na huku, akakohoa.

"Jamani, wajumbe wote wapo hapa. Akidi imetimia."

Macho yote yakamgeukia Mzee Masanja. Ilibaki aseme tu, "Asanteni, nendeni," na kikao kingekufa tena, na hakuna ambaye angemlaumu kwa mila, maana mwenye yowe ni yeye. Akafungua mdomo. Naapa alikuwa anakwenda kulisema.

Mama Kulwa akamuwahi. Ni mjumbe wa chama cha Mzee mwenyewe, na kwa umri amemzidi.

"Leo ng'ombe, Masanja. Kesho mtoto wa nani?"

Mzee akalitazama lile shimo. Maji ya mvua yalikuwa yametuama chini. Halafu akamgeukia mwenyekiti.

"Nisomee mapato na matumizi. Hapahapa. Ukimaliza, mkono wangu uko juu."

Mwenyekiti, sijui ni matope au ni aibu, hakubisha. Karatasi zikaletwa kutoka ofisini, akasoma amesimama, povu limemkaukia. Nilikuwa nimekaza meno, nangoja kusikia wizi. Hakuna wizi! Kila kitu kilikuwa sawa. Muda wote huo mtu amekataa kusoma kitu kisafi, kiburi tu. Loh! Nilitamani nimrushie tope, tena lile zito.

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Mzee Masanja, umejaa tope mpaka kwenye kiwiko. Kisha ikanyooka yote. Zege la choo, uji wa watoto, posho ya mwalimu. Imepita. Nikajifuta uso kwa kanga, na safari hii sikujikasirikia kwa kulia.

Ndipo Mzee akasimama, akasema, "Asanteni. Nendeni." Hakuna aliyekwenda mara moja. Wanaume walikata magogo wakalifunika shimo kwa leo, na Mzee akaja kuniuliza, "Mwalimu, kesho unafundisha?" Nikamwambia ninafundisha, baba. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumswaga ng'ombe wake.

Nimempigia mama. Nimecheka kwenye simu mpaka akaniuliza kama nimekunywa pombe ya rubisi. Nguo nilizokunja nimezirudisha kwenye kamba ya chumbani. Nimeshiba, nimechoka vizuri, na sina hamu ya kumsema mtu yeyote, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Ila kuna swali moja linanitekenya tangu nikae kuandika. Mwakani bajeti itarudi, na vyama vitakuwa vilevile viwili. Tutamngoja ng'ombe wa nani?