Trebo ya Baba

Jumapili, Mamboya

Leo nimepiga gitaa la baba kanisani, lile la kulaza mapajani, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Vitufe vya amplifaya niliviweka kwenye alama alizochora kwa rangi ya kucha ya mama. Trebo, kile kitufe cha sauti kali, tisa. Nilipotelezesha chuma kwenye nyuzi, mwalimu wa kwaya akaruka.

“Dada, unatutoboa masikio! Baba yako hakuwa hivi.”

Alikuwa hivi hivi. Masikio yake yalikuwa yanakufa, akapandisha trebo. Mimi ndiye niliyekuwa nikisubiri ainamishe kichwa kwenye sala, niirudishe tano. Nilidhani hajui.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimwambia mama. Hakushangaa.

“Alijua, mwanangu. Alisema, ‘Mwache, ananistiri mbele za watu.’”

“Ikiwa tano alikuwa anasikia?”

“Hata kidogo. Alikuwa anafuata vidole tu.”



Miaka miwili nimemnyima sauti ya gitaa lake mwenyewe, na kila Jumapili tulipofika nyumbani alinishukuru kwa kumbebea amplifaya.