Eliza wa Ghalani

Jumanne.

Eti sijulikani. Katika mji huu huu wa Mlowo.

Mjukuu wangu Neema ameunganisha programu ya ghala langu na akaunti yangu ya barua pepe, ili niingie kote kwa neno la siri moja. Mnunuzi anasubiri kibali cha kutoa mahindi, anatishia kwenda kupakia kwa wengine kule Nanyala, na simu inaandika: mtumiaji hatambuliki.

"Bibi, ghalani umeandikwa Mama Tumaini, kwenye barua pepe Eliza. Inaona watu wawili."

"Iambie Eliza ni jina langu la ubatizo."

"Haiambiwi, Bibi."

Basi nikakubali kuwa Eliza hata ghalani. Kibali kikatoka, lori likaondoka. Wapakiaji walisoma jina kwenye kibali, sasa wananiita Eliza. Nimewafokea. Marehemu mume wangu mwenyewe aliniita hivyo mara moja tu, siku ya ndoa, na hakurudia.