Kitenge Kimoja Melini

Erdington, Birmingham

Dada yangu mkubwa, Yaya Mireille,

Huku tuko wazima, na baridi imepungua. Jana tumerudi kutoka ile safari ya meli ya likizo ya chuo cha Sagesse. Baba yake ndiye aliyeipanga, mtu anayeogopa hata maji ya Ziwa Kivu. Nikajiuliza, ameanza lini kupenda bahari?

Alisisitiza tushone wote kile kitenge ulichotutumia, tukivae usiku wa chakula rasmi. Sagesse, ambaye vitenge huviita nguo za wamama, akashona bila kubisha. Hapo wasiwasi ukanizidi.

Tulipokaa mezani, akaingia Aganze, yule kijana niliyekataa amuoe binti yangu, pamoja na wazazi wake. Wote wamevaa kitenge chetu, kama ukoo mmoja kwenye harusi. Nikasimama. Sagesse akaninong'oneza, "Mum, please, keti." Nyumbani ningeondoka zangu. Baharini ningeenda wapi? Nikala samaki huku mama Aganze akiniita mkwe.

Nimezunguka maduka yote ya hapa, Yaya, na kitenge kile hakipo. Ulipokuwa sokoni Bukavu, ulikuwa unanunulia familia ngapi?

Mdogo wako anayengoja jibu,
Marie-Claire