Mgongo Niliokanyagwa Baada ya Kupigwa Picha

Jumanne, Chang'ombe. Manyunyu tangu asubuhi, na mie nimelala kifudifudi kama samaki aliyekosa mnunuzi. Nimechoka. Nimechoka hata kujisifu, na mnaonijua mnaelewa hilo si jambo dogo.

Keshokutwa nafanyiwa upasuaji wa mgongo. Pingili mbili zinafungwa skrubu. Daktari, binti mdogo lakini kichwa kinachemka, alinieleza kuwa hawanichani mgongo mzima, wanatoboa vitundu tu. Anavaa miwani inayomwonyesha mifupa yangu juu ya ngozi, kila pingili mahali pake, naye anaifuata kama ramani.

Gereji nzima ninapofanya kazi nimeshawatangazia. Nimewaambia miwani ile inaona mpaka ugali wa jana, na kwamba daktari alikiri hajaona mifupa minene kama yangu tangu aanze kusoma.

Hakusema.

Wala sikuumia kwa kunyanyua injini ya lori peke yangu, kama nilivyowaambia. Niliinama kuokota spana.

Ila hayo siyo yanayonielemea. Juzi Jumapili maumivu yalizidi, nikaenda Pugu kwa bwana mmoja anayechua viungo. Akanipaka mafuta ya nyonyo, akanipanda mgongoni kwa miguu yote miwili. Ukalia kwaa! Nikarudi nyumbani nimenyooka, nikimcheka daktari. Leo nimeamka mguu wa kushoto umekufa ganzi.

Mke wangu kaja na chai, kakaa pembeni ya kitanda.

"Baba Zuhura, daktari umemwambia?"

"Nimwambie nini? Si ana miwani, ataona mwenyewe."

"Miwani itamwonyesha picha waliyokupiga wiki iliyopita tu. Alitueleza wote wawili, wewe ulikuwa unamsimulia nesi habari za injini. Mgongo wa wiki iliyopita anao. Huu uliokanyagwa anao nani?"

Nikachukua simu bila ubishi. Mie!

Nikampigia daktari. Nikaanza kusema nimeteleza bafuni, mke wangu akakohoa. Nikasema ukweli.

Kisha daktari akasema, taratibu tu, "Mzee wangu, ningefunga skrubu kwa ramani ya zamani. Njoo sasa hivi, huo mguu hausubiri. Tunapiga picha upya, halafu tutajua kama siku inabaki ileile."

Bajaji imeshaitwa. Naogopa, sijui mguu utarudi au ndiyo basi.

Gereji watauliza. Nitawaambia nilikanyagwa na jitu la kilo mia na ishirini.

Hapana. Alikuwa mtu mwembamba tu, na nilimfuata mwenyewe.